Siku Mashine Yangu Ilipokaanga Mandazi Kwenye Posa ya Neema

Chekeni tu. Mimi aibu yangu nimeshaimaliza, maana hata leo nikipita hapa Ngagara wanawake wanaochoma mahindi wananiuliza mashine imekaanga nini, nami najibu kwa adabu kwa sababu nikionyesha hasira ndiyo nimekwisha. Ni kweli niliutia ukoo mzima aibu mbele ya wakwe, na picha zipo kwenye simu za watu ambao hata siwajui. Lakini kabla hamjaendelea kucheka nataka mjue jambo moja, na hili nalisema bila kuinamisha kichwa: umeme haukukatika mikononi mwangu. Ulipepesuka kidogo, sawa. Kukatika haukukatika.

Mimi ni fundi wa mashine za umeme, na si fundi wa kubahatisha. Nafanya kazi kwenye chumba cha mashine cha kiwanda kimoja hapa Bujumbura (msiniulize kipi, mshahara wao bado nauhitaji), na kabla ya hapo nilifanya staji, yaani mafunzo ya kazi, Dar es Salaam, kwenye kituo chenye turbini zinazokunywa mafuta ya aina mbili, gesi na dizeli, na kule ndiko nilikojifunza kitu ambacho nikikieleza mpaka leo nasikia kifua kinajaa: kubadilisha mafuta huku turbini imebeba mzigo. Yaani watu mjini wanatazama mpira, friji zinanguruma, na wewe huku unapunguza gesi taratibu na kuongeza dizeli taratibu, moja inashuka nyingine inapanda, mpaka turbini inakula dizeli tupu na hakuna hata mtu mmoja aliyeona taa ikikonyeza. Siku ya kwanza walipoacha niifanye mwenyewe nilimpigia Mama simu nikilia kwa furaha, na Mama akauliza nani amekufa.

Bosi wetu kule alikuwa na sheria moja ambayo alituimbia kila siku, kwamba kabla ya kubadilisha mafuta upunguze mzigo kwanza, kwa sababu mashine iliyobeba mzigo wote haina nafasi ya kukusamehe ukikosea. Niliiandika kichwani, nikaijua, nikawafundisha na wenzangu. Kuijua sheria na kuifuata ni vitu viwili, mtaona.

Sasa nyumbani tunayo jenereta ya dizeli aliyotuachia marehemu Baba, kuukuu lakini ina moyo, na mazuti, ndiyo dizeli yenyewe, hapa kwetu mnayajua, unapanga foleni mpaka unajua majina ya watoto wote wa aliye mbele yako, halafu pampu inakauka mkiwa mmebaki wawili. Nikachoka. Nikaifungia jenereta matangi mawili, dogo la mazuti na kubwa la mawese, yale mawese machafu ya Rumonge yanayobaki chini ya pipa ambayo hakuna mtu atakayeyaweka kwenye chakula, nikazungusha ndani ya lile tangi kubwa bomba la maji ya moto ya mashine yenyewe (mawese yakipoa yanaganda kama sabuni), na katikati nikaweka vali moja ya kugeuza. Inawaka kwa mazuti, ikipata joto naihamishia mawese, na kabla ya kuizima nairudishia mazuti ili ioshe koo, maana mawese yakigandia ndani umeiua. Niliijaribu asubuhi moja, ikakubali, Mama akatoka nje akasema kunanukia vizuri, na mimi nikadhani ananisifu.

Halafu ikaja posa ya mdogo wangu Neema. Hapa naomba mnisikilize bila mzaha, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Neema alikuwa ameshaposwa mara moja, shughuli ikafanyika, watu wakala, halafu yule bwana akaenda Canada na simu zake zikawa chache, zikawa hakuna. Miaka ikapita. Watu wa mtaa huu wana midomo, wakaanza kusema kwamba nyumba yetu sasa itampa Neema mtu wa kwanza atakayepiga hodi, hata akiwa amekuja kuuza mkaa. Kwa hiyo alipotokea Claude, kijana mzuri, mwalimu, na wazee wake wakaleta habari kwamba wanakuja kuomba, jambo la kwanza katika ukoo halikuwa ng'ombe wala vinywaji. Jambo la kwanza lilikuwa tusionekane tuna haraka.

Na mnajua posa ya huku inavyokwenda. Wageni wanaketi upande wao, wenyeji upande wao, na msemaji wa wenyeji anajifanya hajui kabisa wamefuata nini, anashangaa kuwaona, anaomba radhi kwamba nyumba haikujiandaa, na msemaji wa wageni anazunguka huku na huku kwa maneno matamu mpaka anafika kwa binti. Ni mchezo, kila mtu anajua ni mchezo, lakini ukishindwa kwenye mchezo huo utasimuliwa hadi wajukuu. Msemaji wetu alikuwa Baba Mukubwa Laurent, kaka yake marehemu Baba, mzaliwa wa Uvira, mtu ambaye akishika maikrofoni anaishika kama fimbo ya ufalme. Yeye aliamua kwamba chakula chote kipikwe kwa shangazi yetu, mtaa wa Nyakabiga, na kiletwe kwa gari baada ya yeye kukubali, na siku yenyewe akaita wanawake wote wa nyumba akatuambia, "Hapa sitaki moto, sitaki sufuria. Mutu akisikia harufu ya chakula mbele mi sijasema ndiyo, mutakuwa mumeniua."

Tukaitika. Mimi niliitika kwa sauti kuliko wote.

Wageni wakafika mchana, wamependeza, mbele yao msemaji wao Muzee Nestor, babu yake Claude, mzee mwembamba aliyevaa imvutano nyeupe pe, lile shuka letu la sherehe linalofungwa begani, na viatu vinavyong'aa. Wakaketi chini ya turubai, spika zikajaribiwa, na mara umeme wa mji ukaondoka zake, kama kawaida yake. Watu wakaguna. Mimi nikatabasamu, nikapandisha imvutano yangu mpaka magotini nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikawasha jenereta, na kabla ya miguno kwisha spika zilikuwa zimerudi, taa za chini ya turubai zimerudi, friji mbili za kukodi zilizojaa vinywaji zimerudi, na nikasikia mgeni mmoja akisema hawa watu wamejipanga. Ningeishia hapo ningekuwa shujaa.

Lakini mazuti yalikuwa kidogo. Maneno ya Baba Mukubwa nayajua urefu wake, na mazuti yale yasingefika hata nusu ya salamu, na lazima yabaki ya kuoshea koo la mashine mwishoni. Kwa hiyo ilinibidi nihamie mawese. Sheria inasema punguza mzigo kwanza, na mzigo wa kupunguza ulikuwa zile friji, nazo zilikuwa barazani mbele ya macho ya wakwe, na mimi nikajiona nikipita katikati yao kwenda kuchomoa nyaya, na wao wakinong'ona kwamba nyumba hii haina hata mafuta ya kupozea soda. Nikasema hapana. Nikasema mimi niliyebadilisha mafuta ya turbini nzima, mji ukiwa unatazama mpira, nitashindwa na friji mbili? Huo ndio uamuzi wangu mdogo, na mengine yote yalizaliwa na huo.

Na jamani, nilibadilisha. Nilishika bomba la mafuta kwa mkono mmoja nisikie linavyotetema, mwingine kwenye vali, nikaigeuza kidogo, nikasubiri, nikaigeuza tena kidogo, sikio langu liko kwenye mashine kama mama anayesikiliza mtoto anavyopumua, mpaka vali ikafika upande wa pili na mashine ikaendelea na wimbo wake uleule. Spika hazikukwaruza. Taa hazikukonyeza. Nikaruka peke yangu kule nyuma nikajipigia makofi, kuku wakanikimbia.

Nilichosahau ni upepo. Asubuhi upepo wetu unakwenda ziwani, na ndiyo maana bomba la moshi nililielekeza upande ule, lakini mchana unageuka, unatoka Tanganyika unapanda mjini, na pale ulichukua moshi wote wa mashine yangu ukaupeleka chini ya turubai kama mhudumu wa hoteli. Na moshi wa mawese haunuki kama moshi. Unanuka mandazi. Unanuka mandazi yaliyokolea, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa pembeni.

Mtu aliyebuni bahati mbaya alijua kupanga muda. Baba Mukubwa alikuwa ndiyo kwanza amesimama, ameshika maikrofoni yake, Kirundi na Kiswahili vinamtoka kwa zamu, akasema, "Wageni wetu, karibuni, lakini mumetukuta bila kitu. Hatukujua kama muko munakuja. Hata mbabula yetu ya mkaa iko baridi tangu jana." Na harufu ikaingia. Waliokuwepo wananiambia iliingia kwa mstari, safu kwa safu, unaona vichwa vinainuka, pua zinafunguka, mama mmoja wa upande wa Claude akafumba macho kabisa.

Muzee Nestor akasubiri kila mtu anuse vizuri. Halafu akasimama polepole.

"Muzee mwenzangu," akasema, "macho yangu yamezeeka, siwezi kubishana na we kuhusu mbabula. Lakini pua yangu ingali kijana. Hapa kuna mutu ametungoja, na ametungoja sana."

Turubai lote likacheka, hata watu wa upande wetu, na nyuma kabisa kuna mwanamume akasema tangu yule wa Canada, kwa sauti ya kunong'ona ambayo ilisikika vizuri sana. Mama aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi impokee. Na Neema alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka pale, amevalishwa, amepambwa, akisubiri kuitwa, na masikio yake hayakuwa na pazia.

Baba Mukubwa akakasirika kikweli, mchezo ukamwishia mkononi. Akaapa kwa kaburi la mdogo wake kwamba jiko ni baridi na akawaita wakaangalie wenyewe, jambo ambalo halijawahi kufanyika kwenye posa yoyote ninayoijua mimi. Muzee Nestor akakubali, akaja na wazee wawili wa kwao, wakaingia jikoni, na ndani ya mbabula wakakuta paka wetu amejikunja kwenye majivu amelala usingizi wa haki. Hapo tungekuwa tumeshinda. Lakini harufu ilikuwa bado ipo, tena nzito zaidi, na Muzee Nestor akainua pua na kuifuata, akapita kando ya choo, akapita kamba ya nguo, wengine nyuma yake.

Mimi nilipowaona wakitokeza nikafurahi. (Naomba mlielewe hili, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.) Nilikuwa nimesimama pale na imvutano yangu imekunjwa magotini, spana mkononi, mafuta hadi viwikoni, na nilipoona wazee wanakuja nilidhani habari za kubadilisha mafuta bila taa kukonyeza zimewafikia na wamekuja kunipongeza. Nikafuta mkono ili nisalimie. Nikawaambia, "Mumeona? Hata taa haikucheza."

Baba Mukubwa akatazama spana mkononi mwangu. "Zawadi," akasema, "unapika nini?"

Nikamwambia sipiki, ni mashine, inakunywa mawese. Nikaanza kueleza matangi mawili na vali na maji ya moto, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia natamka upuuzi, na watu walikuwa wanazidi kuja kutoka kwenye turubai, simu juu, mpaka nusu ya posa ikahamia nyuma ya nyumba kati ya jenereta na kamba ya nguo. Muzee Nestor alinisikiliza kwa adabu kubwa, halafu akasema kwamba katika umri wake amesikia familia za mabinti zikisema mengi, lakini mashine inayokaanga mandazi, hii ni ya kwanza. Wakacheka tena. Na mimi nikamwona Mama amesimama mlangoni na mkono mdomoni, nikakumbuka nani yuko nyuma ya pazia, na nikasikia moto unanipanda. Wangeondoka pale wakiamini tumedanganya, na Neema angeingia kwenye ndoa yake kama mzigo uliosukumwa.

Kwa hiyo nikasema nitathibitisha. Nikasema nitairudisha kwenye mazuti hapa hapa, mzigo wote ukiwa juu yake, na harufu itakatika wote mkiona. Ningeweza kumtuma mtu achomoe friji. Sasa hakukuwa hata na wakwe kule mbele wa kuziona, wote walikuwa kwangu! Lakini koo mbili zilikuwa zinanitazama na damu ilikuwa imechemka, nikashika vali, na mkono huu huu ambao muda mfupi uliopita ulikuwa wa daktari ukawa wa mpiga ngoma. Niliigeuza yote mara moja.

Na Muzee Nestor, kwa kuwa ni mtu wa haki na alitaka kuhakikisha mwenyewe, alikuwa ameinama mbele ya mdomo wa bomba la moshi ili anuse vizuri.

Tangi dogo lilikuwa karibu tupu, likavuta hewa. Mashine ikakwama pumzi, taa zikafifia kuwa nyekundu, spika kule mbele zikalia kama mbuzi, na bomba likakohoa kohozi moja tu, jeusi, lenye mafuta, puu, na Muzee Nestor akapokea lote. Uso. Ndevu. Imvutano nyeupe kuanzia begani hadi kiunoni. Mtu mmoja alipiga kelele na nadhani ni mimi.

Lakini sikuiacha ife. Hapo ndipo najivunia, mseme mtakavyo. Nilirudisha vali nusu, nikapiga pampu ya mkono kwa nguvu zangu zote, imvutano imefunguka begani na inaburuzika kwenye matope, naiongelesha mashine kwa jina la Baba, na ikasita, ikasita, ikashika. Taa zikapanda. Nikamalizia vali kidogo kidogo kama nilivyofundishwa, na mandazi yakaondoka hewani, na mahali pake pakaja harufu mbaya ya mazuti ambayo kila mtu pale anaijua. Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anaangalia uso mweusi wenye macho mawili.

Muzee Nestor akaomba kitambaa. Mama akampa chake. Akajifuta macho tu, mengine akayaacha, akarudi mbele na sisi wote nyuma yake kama watu wanaokwenda kuhukumiwa, akachukua maikrofoni.

"Tulienda kutafuta moto, tulikuta paka," akasema. "Nyumba hii ilisema kweli. Mi ndiye nilisema mubaya, na Mungu amenipaka alama kila mutu aone. Watu wanaofundisha mashine kunywa mawese hawana haraka na kitu. Naomba munipe ruhusa nianze upya."

Na akaanza upya, kutoka salamu ya kwanza, masizi usoni, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona, na Baba Mukubwa (mnamjua sasa) akautumia wote. Aliuliza majina ya mababu. Alijifanya amesahau ana mabinti wangapi. Aliwazungusha mpaka jua likaanza kushuka kuelekea milima ya Congo, na hakuna mtu aliyethubutu kusema kwamba tuna haraka. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshachomoa friji na kuirudisha mashine kwenye mawese, maana mazuti yasingefika, na harufu haikumshtua mtu tena. Baba Mukubwa aliposema ndiyo, vigelegele vilifika barabara kuu, chakula kikaja kutoka Nyakabiga, na upande wa Claude walikula kama watu waliokuwa wakinusa mandazi mchana kutwa.

Mimi nilikuwa bafuni nasugua mikono kwa majivu na sabuni, nikilia kidogo, maana nilijua jina langu litaanza maisha mapya mtaani. Neema akaingia na mapambo yake yote, akafunga mlango. Nilianza kumwomba msamaha, akanizuia.

"Yaya, dada yangu, asante kwa kupigana," akaniambia. "Lakini yule muzee hakukosea. Mi nilikuwa namungoja Claude kweli. Nilingoja sana."

Nilimwambia anyamaze, Baba Mukubwa asije akasikia, halafu tukaangaliana, tukacheka mpaka akaegemea begani kwangu na vitambaa vyake vikapata masizi, na hapo ndipo aibu yangu ilipokwisha, si siku nyingine. Kwa hiyo nimeapa. Sibadilishi tena mafuta na mzigo wote juu, hata wakwe wakiniangalia, hata rais akiniangalia. Na posa nyingine ikija nyumbani kwetu, nitamwuliza binti kwanza kama anangoja, na akisema anangoja, nitaiwasha mbabula mimi mwenyewe, nikaange mandazi ya kweli, na wageni wayanuse tangu wanaposhuka garini.